Bendi ya Tarakilishi na Masikio ya Mhakiki

Neno "bendi" lina maana yake mahsusi katika Kiswahili cha Kenya. Kwa msikilizaji aliyelelewa na redio ya Sauti ya Kenya, bendi ni kundi la watu waliosimama jukwaani na magitaa yao: moja la solo, moja la ridhimu, moja la besi, nyuma yao mpiga ngoma, pembeni tarumbeta, mbele mwimbaji. Ni Maroon Commandos, ni Les Wanyika, ni Them Mushrooms. Kwa hivyo, vijana wanne wa Nairobi walipotoa albamu yao ya kwanza, Scratch to Reveal, mwaka 2008, na kujiita Just A Band, yaani "bendi tu", jina lenyewe lilikuwa na mzaha ndani yake. Sehemu kubwa ya muziki huo ilikuwa imefinyangwa ndani ya tarakilishi. Milio ya ngoma ilipangwa kwa programu, sauti za waimbaji zilipitishwa katika mitambo hadi zikapoteza umbo la koo la binadamu, na vinanda vililia kama michezo ya video ya watoto. Hii ilikuwa bendi ya aina gani?

Jibu jepesi, ambalo halijakosa watetezi hadi leo, ni kwamba hiyo haikuwa bendi na wala haukuwa muziki wa Kenya. Zilikuwa kelele za mashine zilizoazimwa Ulaya na Marekani na vijana waliosoma. Jibu hilo linastahili kuchunguzwa na wanafunzi wa Kiswahili kuliko watu wengine wote, kwa kuwa wao wanalijua vizuri. Wamelisikia likisemwa juu ya ushairi.

Wanachama wanne wa kundi hilo, Bill Sellanga, Mbithi Masya, Dan Muli na Jim Chuchu, hawakutoka katika mikono ya kampuni kubwa ya muziki. Walifahamiana chuoni, katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, wakajirekodia nyimbo zao na kujitengenezea video zao. Albamu ya pili, 82, ilifuata mwaka 2009, na ya tatu, Sorry for the Delay, mwaka 2012. Ndani ya miaka hiyo michache waliuvuta muziki wa vijana wa Nairobi kuelekea upande ambao haukuwa umezoeleka: pop ya kielektroniki yenye vituko, yenye majaribio, isiyoona haya kuchekesha na kuhuzunisha kwa pumzi moja.

Ni vyema kukumbuka walikuta nini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, genge na kapuka zilikuwa zimekwisha kutawala matatu na vilabu. Nonini na Jua Cali, chini ya studio ya Calif Records, walikuwa wamekwisha kuthibitisha kwamba Sheng inaweza kubeba wimbo mzima bila kuomba radhi kwa mtu. Ogopa DJs walikuwa na mdundo wao uliotambulika papo hapo. Jambo linalosahauliwa ni kwamba genge na kapuka nazo zilitengenezwa kwa tarakilishi. Hakuna gitaa la ridhimu lililotokwa na jasho katika studio zile. Hivyo basi, anayelikataa kundi la Just A Band kwa sababu ya mashine hajasema ukweli wote wa moyo wake. Kinachomkera ni kitu kingine. Genge humwambia msikilizaji afanye nini: acheze, acheke, amtamani fulani, amwonee fahari mtaa wake. Wimbo wa Just A Band mara nyingi haumwambii. Unaanza kama densi, halafu katikati unaingia katika majonzi. Sauti inayopaswa kuongoza inazama chini ya vinanda. Mzaha unakaa pale ambapo msikilizaji alitazamia kiitikio. Msikilizaji anaachwa aamue mwenyewe. Uhuru huo ndio mgumu kuvumilika.

Kenya si ya kwanza katika hili. Mfano unaotajwa zaidi duniani ni wa kundi la Radiohead la Uingereza. Mwaka 1997 kundi hilo lilikuwa limetoa OK Computer, albamu ya magitaa iliyolipatia sifa kubwa. Kila shabiki alisubiri nyingine ya namna hiyo. Badala yake, mwaka 2000 ikaja Kid A: magitaa yamerudi nyuma, vinanda na mashine zimekuja mbele, sauti ya mwimbaji Thom Yorke imekatwakatwa na kupindwa hadi maneno mengine hayasikiki kabisa. Haikutolewa hata singo moja ya kuitangaza redioni. Mwandishi wa riwaya Nick Hornby aliilalamikia katika jarida la The New Yorker, akiona kwamba inamdai msikilizaji subira ambayo mtu mzima mwenye kazi ya kuendea asubuhi hana. Hata hivyo, ilishika nafasi ya kwanza katika mauzo ya Uingereza na ya Marekani.

Lalamiko la Hornby halina ugeni wowote kwa aliyepitia darasa la ushairi wa Kiswahili. Ondoa neno "albamu", weka "diwani", na mtu atadhani anasomewa mashtaka dhidi ya Euphrase Kezilahabi baada ya Kichomi kuchapishwa mwaka 1974. Ni magumu, hayana urari, yameigwa kwa Wazungu, msomaji wa kawaida hana nafasi ya kuyatafuna. Mgogoro huo wa wanamapokeo na wanamabadiliko umefundishwa vyuoni hadi umegeuka kuwa swali la mtihani lenye majibu yanayojulikana, na pengine ndiyo sababu makali yake yamesahaulika. Watu walibishana kwa hasira za kweli. Waliona kwamba kitu walichorithi kinaporwa mbele ya macho yao.

Na katika mgogoro ule hoja moja ya wanamapokeo ilikuwa na uzito kuliko zote. Sheikh Amri Abedi, katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi, alisisitiza kwamba shairi ni wimbo, na lisiloimbika halifai. Vina na mizani havikuwa pambo. Vilikuwa mahitaji ya koo na sikio. Hoja hiyo ilitumiwa miaka mingi kuyafungia mlango mashairi huru. Sasa zimekuja tungo ambazo haziwezi kukaa popote isipokuwa katika sikio, tungo ambazo zikitolewa katika sauti na kuwekwa karatasini hunyauka, na mlango ule ule unafungwa tena. Safari hii zinaambiwa kwamba hazisomeki. Mwanafunzi ana haki ya kuuliza ni kipimo kipi hasa kinachotumika.

Ukweli ni kwamba uhakiki wa nyimbo katika idara za Kiswahili umekuwa, kwa kiasi kikubwa, uhakiki wa maandishi. Mtafiti husikiliza wimbo, huyanakili maneno, hulifunga redio, kisha huyachambua maneno yale kana kwamba yaliandikwa na mshairi mezani. Hutafuta maudhui, hutafuta tashbihi na takriri, huhitimisha. Kwa taarabu njia hiyo haikuleta hasara kubwa, kwa kuwa taarabu nzuri ya Mombasa ilisimama juu ya shairi lililokamilika kabla ya chombo kupigwa. Juma Bhalo aliimba tungo za Ahmad Nassir, Malenga wa Mvita, na beti zile zingeweza kuchapishwa bila kupoteza heshima yake hata moja. Lakini hata hapo kuna jambo linaloachwa. Nyingi ya nyimbo za Juma Bhalo zilikwenda kwa mahadhi ya filamu za Kihindi. Kimvita safi, chenye mafumbo yanayowatoa jasho wasomi, kilipanda juu ya tuni ya Bombay, na Waswahili wakalia machozi. Anayechambua maneno pekee hatakutana kamwe na ukweli huo, ambao ni nusu ya sanaa yenyewe. Wala hatakuwa na la kujibu atakapoambiwa kwamba tuni ngeni huua lugha.

Kwa nyimbo za Just A Band njia ya karatasi haileti hasara ndogo; huvunjika kabisa. Wimbo uliowapa umaarufu mkubwa zaidi unaitwa "Ha-He". Jina hilo halimo katika kamusi yoyote. Ni vihisishi viwili, pumzi mbili. Video yake ya mwaka 2010 ilimleta shujaa Makmende, mbabe wa mitaani aliyevalia kama mhusika wa filamu za Marekani za miaka ya 1970, na picha zake zikaenea katika intaneti kama moto nyikani, watu wakimtungia mizaha na visasili visivyohesabika. Hapo fasihi simulizi ya mjini ilizaliwa hadharani, mbele ya kila mtu, kwa muda wa majuma machache: mhusika mmoja, watunzi maelfu, hakuna mwenye hatimiliki. Mwalimu anayefundisha sifa za fasihi simulizi kwa mifano ya vitabuni peke yake alikuwa na mfano hai, na huenda aliupita.

Makmende mwenyewe ni zawadi kwa wanaisimu. Jina hilo halikubuniwa na bendi. Watoto wa Nairobi wa miaka ya 1990 walilitumia kumkejeli anayejifanya shujaa, na inaaminika kwamba lilitokana na tamko maarufu la Clint Eastwood katika filamu ya mwaka 1983, lililosikika vibaya na masikio yasiyojua Kiingereza cha Marekani. Sentensi nzima ya amri ikawa nomino ya pekee. Katika safari hiyo likajipatia "nd", mfuatano ambao ulimi wa Kibantu unauona kuwa nyumbani. Lakini likabaki na "k" iliyobanwa na "m" bila irabu kati yake, jambo ambalo silabi wazi ya Kiswahili hailipendi. Mswahili wa vitabuni angesema "Makimende". Mtoto wa Nairobi hakuhitaji irabu hiyo. Kwamba jina hilo linaishia kwa mdudu wa jikoni ni bahati tu, ingawa mtu yeyote aliyewahi kumwona mbabe wa mtaani akikimbia atakubali kwamba ni bahati njema.

Kuna pia "Usinibore", wimbo wa albamu ya pili. Jina hilo ni neno moja lenye darasa zima la mofolojia ndani yake. Kiambishi cha nafsi ya pili, kikanushi "si", kiambishi cha mtendwa, mzizi wa Kiingereza, kisha herufi "e". Herufi hiyo ya mwisho ni ya nani? Akisoma kwa kanuni za Kiswahili, msomaji anaona kiishio cha dhamira tegemezi, kama katika "usinipige" na "usiniache". Akisoma kwa kanuni za Kiingereza, anaona herufi bubu iliyokuja na tahajia ya neno asilia. Zaidi ya hayo, vitenzi vya mkopo kama "jibu" na "samehe" havibadili irabu ya mwisho katika dhamira tegemezi. Kwa nini hiki kionekane kama kimebadili? Jina limeandikwa mara moja, na lugha mbili zinalidai. Kwa wazazi na walimu ni uchafuzi. Kwa mtu anayesikiliza kizazi kinachoishi kati ya lugha hizo mbili, huu ni usahihi mkubwa: kuchoshwa kwenyewe kumesemwa kwa lugha ambayo imechoka kuchagua upande.

Hapa inafaa lalamiko la haki lipewe nafasi yake, maana wapo wanaolikosoa kundi hili kwa sababu nzuri. Nyimbo zake nyingi ni za Kiingereza. Albamu zote tatu zina majina ambayo hayana neno la Kiswahili hata moja. "Iwinyo Piny" ya albamu ya kwanza ina jina la Kidholuo, na hiyo ni heshima kwa Kidholuo. Lakini katika jumla ya kazi yao Kiswahili huja kwa vipande, mara nyingine kama bizari ya kukolezea mchuzi uliopikwa kwa lugha nyingine. Jina kama "Dunia Ina Mambo", la albamu ya mwaka 2012, ni maneno ambayo kila mkaazi wa pwani ameyasikia mara elfu, na msikilizaji wa Kiswahili anasikitika kidogo kwamba watunzi wenye akili ya kuyachukua maneno yaliyochakaa na kuyaweka mahali papya hawakufanya hivyo mara nyingi zaidi. Hilo ndilo deni lao kwa lugha. Lakini litazamwe vizuri: deni hilo halikuletwa na tarakilishi. Tarakilishi haina lugha. Ingemeza Kiswahili kwa furaha ile ile iliyomeza Kiingereza. Anayetaka kulaumu uchache wa Kiswahili na aulaumu, wala asijifiche nyuma ya gitaa.

Kuna hoja nyingine inayosikika: kwamba mashine hurudia, na marudio huua maana. Anayesema hivyo amesahau kiitikio cha ngoma yoyote ya unyago au ya mavuno. Marudio ni mali ya fasihi simulizi tangu awali; kinachotofautiana ni nani anayerudia. Katika ngoma, kila anayeitikia hubadilisha kitu kidogo, kwa kuwa amechoka, au amefurahi, au amemwona mtu akipita. Mashine hairudii hivyo. Ikirudia, inarudia kitu kile kile, na ni mwanadamu ndiye anayebadilika huku akiisikiliza. Athari hiyo ni tofauti kwa hakika. Kwamba ni duni ni dai linalohitaji kuthibitishwa kwa kusikiliza, na haliwezi kuthibitishwa kwa kunakili neno moja mara kumi na sita katika ukurasa.

Kithaka wa Mberia aliwahi kuwafundisha wasomaji wa Kenya jambo linalokaribiana na hili. Katika Mchezo wa Karata, diwani ya mwaka 1997, na katika tungo zake za baadaye, maneno hupangwa ukurasani kwa namna ambayo nafasi tupu, mteremko na mtawanyiko wa herufi huwa sehemu ya maana. Hakuna mhakiki makini leo anayeweza kuyasoma mashairi hayo kwa sauti pekee na kudai ameyamaliza. Ni lazima ayatazame. Ikiwa jicho limekubaliwa kuwa chombo cha uhakiki wa ushairi ulioandikwa, ni kwa nini sikio likataliwe katika tungo zilizoundwa kwa ajili yake? Mlio wa kinanda unaozimwa ghafla kabla ya neno la mwisho hauna tofauti ya kikazi na nafasi tupu anayoiacha Kithaka. Sauti ya mwimbaji iliyopitishwa katika mtambo hadi ikafanana na ya roboti ni uamuzi wa kimtindo sawa na uteuzi wa nafsi ya msemaji. Nani anasema hapa? Mtu, au kitu kinachojifanya mtu? Nadharia ya usimulizi ina istilahi za kulijibu swali hilo, ila hazijaelekezwa huko.

Haraka pia ipo. Muziki wa makundi yasiyo na kampuni kubwa nyuma yao hauna ghala. Sahani za santuri za zamani ziliweza kukaa katika sanduku la mtu nusu karne na bado zikalia. Kazi iliyotolewa kama faili huishi maadamu kuna mtu anayelipia mahali ilipohifadhiwa. Baada ya albamu ya tatu, wanachama wa kundi hili walijikita katika kazi nyingine: Jim Chuchu aliongoza filamu ya Stories of Our Lives mwaka 2014, ambayo ilipigwa marufuku nchini Kenya; Mbithi Masya aliongoza Kati Kati mwaka 2016; Sellanga, kwa jina la Blinky Bill, akatoa albamu yake mwenyewe mwaka 2018. Wamekuwa watu wazima wenye kazi, kama Hornby alivyosema juu ya wasikilizaji. Bado wapo, wanaweza kuulizwa ni nini walikikusudia katika kila mlio. Mtafiti wa utenzi wa karne ya 18 angetoa nini apate fursa kama hiyo, ya kumketisha mtunzi na kumuuliza kwa nini ubeti huu na si ule?

Na mwanafunzi atakayekwenda kuwauliza atakabiliwa na tatizo la kiufundi ambalo mwongozo wa tasnifu haulitaji. Kiambatisho cha nyimbo hudai maneno upande wa kushoto, na tafsiri yake, inapohitajika, upande wa kulia. Pale kwenye "Ha-He" ataandika nini upande wa kushoto? Anaweza kuziandika zile pumzi mbili na kuendelea na wimbo unaofuata. Au anaweza kuchora safu ya tatu, aipe jina analoona linafaa, aanze kuandika humo kile anachokisikia: hapa ngoma imeingia, hapa kinanda kimepanda, hapa sauti imeacha kuwa ya mtu. Istilahi nyingi za safu hiyo hazijapatikana. Msimamizi wake ataikuta pembezoni mwa ukurasa, ataipigia mstari kwa kalamu nyekundu, na hapo ndipo mjadala utaanza.